Bi Mboni Aliyevuka Surua

Mwaka ule tulipohamishiwa Miteja, kanga za mama mkwe wangu zilianza kuburuza chini. Mimi ndiye niliyekuwa nikizifua, kwa hiyo niliona kabla ya wengine. Pindo lilikuwa limechakaa na kujaa mchanga, nikadhani labda anafunga vibaya kwa sababu ya mgongo unaomuuma. Nikamwambia, "Mama, pandisha kidogo." Akapandisha mpaka chini ya matiti, na bado pindo likaburuza. Kanga haikuwa imerefuka. Yeye ndiye aliyekuwa anafupika.

"Uzee huo," alisema mume wangu, Huseni.

"Uzee gani unaomshusha mtu kwa msimu mmoja?" nilimjibu, lakini kwa sauti ndogo, maana ni mama yake.

Jina lake Bi Mboni binti Likwata. Alizaliwa huko juu vilimani, na vita vya Wajerumani na Waingereza vilimkuta bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Wanaume walichukuliwa kubeba mizigo, chakula kikaisha, na nyuma ya njaa ikaja surua. Nyumba nzima iliugua. Bibi yake alipofika kutoka kijiji cha pili alimkuta Mboni amekaa katikati ya ndugu zake waliolala, anatafuna majani ya mbaazi. Ndugu zake hawakuwa wamelala. Hadithi hii alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunabangua korosho, na hakuacha kubangua.

Kwetu, aliyeugua surua akapona husemwa kuwa amevuka. Ni kama mtu aliyevuka mto uliofurika akasimama ng'ambo: maji yale hayamkamati tena. Kwa hiyo surua ikiingia mahali, wagonjwa hukusanywa nyumba moja, na wanaowashika ni wale waliovuka. Asiyevuka hapiti mlango ule, hata kama mtoto ni wake.

Bi Mboni alifanya kazi hiyo tangu alipoota matiti. Akiitwa huja na mkeka wake, mzigo wa majani ya mbaazi ya kuchemshia maji ya kuwaogeshea wagonjwa, na mdomo wake. Ndani hakuruhusu mtu alitaje jina la ugonjwa. Aliuita mgeni. "Mgeni wako kafika lini? Anakohoa? Haya, mgeni anayekohoa hapewi ugali, tumpikie uji mwepesi, ale aende zake." Siku ya Uhuru, watu wote walipoteremka kwenda kucheza ngoma, yeye alikuwa kwenye kibanda msituni na watoto wa watu. Mpaka leo ukimtaja, wazee hucheka wakikumbuka jibu lake. Waliokuwa wakimuuliza, "Mboni, siku ya Uhuru ulikuwa wapi wewe?" aliwajibu, "Nilikuwa na wageni."

Mimi sikuwa nimevuka. Nilikulia Kilangala, kwenye shamba la baba, nyumba yetu moja katikati ya mikorosho, na jirani ni mpaka umwite kwa sauti. Surua haikuwahi kutufikia. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaolewa na Huseni, na huko nako tuliishi hivyohivyo, nyumba hapa, nyingine nyuma ya kilima. Kisha ikaja amri ya vijiji. Lori lilikuja asubuhi na watu wakaambiwa wapakie. Bi Mboni aliinama kunyanyua kinu, nami nikasikia kitu kinalia mgongoni mwake, kama kijiti kikavu kinavyokatika. Akakiweka kinu chini taratibu, akasema, "Nyie vijana bebeni hiki, mimi nitabeba kuku."

Tangu siku ile ndipo pindo lilipoanza kuburuza.

Miteja tulipangwa kwa mstari, nyumba na nyumba, hata ukikaanga dagaa jirani anajua umetia chumvi kiasi gani. Masika yale Bi Mboni alishikwa na homa ya mapafu. Akachomwa sindano, akapona. Haukupita muda ikarudi. Akapona tena, yakaja majipu. Yakapona, ukaja mkanda wa jeshi, ukamzunguka mbavuni mpaka hawezi kuvaa nguo. "Mwili wangu umekuwa baraza," alisema. "Kila apitaye anakaa."

Aliyekuwa akimchoma sindano ni Bwana Ambrosi, mganga wa zahanati. Kabila lake na letu ni watani, basi zahanati ilikuwa haikaliki kwa kelele.

"Wewe bibi, hizi sindano ni za kijiji kizima. Unataka kuzimaliza peke yako?"

"Nimalize nini, mwizi wa kuku wewe! Babu yako alikuja kwetu uchi, tukampa kaniki. Choma kwa mkono wako huo unaotetemeka, nione kama utapata tako."

"Tako lenyewe liko wapi? Ninatafuta tangu asubuhi."

Akacheka mpaka akajishika mbavu, na nikaona machozi ambayo hayakuwa ya kicheko. Ambrosi naye aliyaona. Alipokuwa akichemsha sindano alinisogelea akaniambia polepole, "Mama Tawakali, mpelekeni misheni. Mtu haugui hivi bila sababu."

Tulikwenda kwa lori la korosho, mimi na yeye na Adija wangu mgongoni, akiwa mchanga bado. Tawakali, mwanangu mkubwa, nilimwacha na jirani yangu Natalia. Hospitalini walimpiga picha ya mifupa, na daktari, kijana mwenye miwani, akaishika picha ile dirishani kwenye mwanga. Umewahi kuona mahindi ya msimu uliopita, yaliyokaa darini yakaingiwa na wadudu? Ndivyo ilivyokuwa mifupa ya mama mkwe wangu. Fuvu, mbavu, uti wa mgongo, vyote vimebunguliwa.

Kisha wakachukua mkojo wake katika kichupa chembamba, wakaupasha moto juu ya taa ya spiriti. Ukawa mweupe kama tui. Wakauchemsha zaidi, ukarudi kuwa safi. Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikiogopa.

"Mmepika mkojo wangu," Bi Mboni alisema. "Sasa mtaula na nini?"

Yule kijana hakucheka. Alimtuma Bi Mboni kwa muuguzi kupimwa uzito, akaniketisha mimi. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia, basi akaeleza bila haraka. Alisema ndani ya mfupa mna uboho, na humo ndimo damu inamozaliwa. Katika damu kuna chembe ambazo kazi yao ni kutengeneza kinga. Kila ugonjwa una kinga yake, kama kila kufuli lilivyo na ufunguo wake. Mtu akiugua surua akapona, chembe zinazoijua surua hubaki ndani ya uboho, zinaendelea kutoa kinga yake mpaka mtu azeeke. Sasa, ndani ya Bi Mboni chembe moja ya ukoo ule iliharibika. Ikazaa bila kukoma, watoto wake wakajaa uboho wote, wakaanza kula mfupa. Nao wanatengeneza kinga usiku na mchana, lakini ni ya namna moja tu, isiyofungua kufuli lolote. Hiyo ndiyo niliyoiona ikifanya weupe kwenye mkojo. Zile chembe nzuri zimesongwa, zimekosa mahali.

"Ni saratani," alisema. "Vidonge nitampa, vitampunguzia. Lakini kitakachomuua mapema si mifupa. Ni maradhi ya kuambukizwa. Mwekeni mbali na watu wanaokohoa, na watoto wenye homa. Umesikia? Kwa maradhi, huyu sasa ni sawa na mtoto aliyezaliwa juzi."

Njiani, juu ya magunia, Bi Mboni akanitaka nimwambie alichosema daktari. Nilitafuta maneno. Tulikuwa tunapita kwenye mashamba, nikamwonyesha. "Mama, chini ya mkorosho mkubwa huota nini?"

"Hapaoti kitu. Kivuli kinaua."

"Basi ndani ya mifupa yako umeota mkorosho."

Aliitazama mikorosho ikipita mpaka tukafika darajani. Kisha akasema, "Yule kijana ana adabu. Sijui kwa nini hajaoa." Wala hakuniuliza tena.

Vidonge vilimsaidia. Alikaa miezi ya kiangazi bila homa, akawa anakaa kivulini anasuka ukili, na Tawakali wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kusema sana, anamletea ugali wa mchanga na samaki wa majani na kumlazimisha kula. Watu waliokohoa niliwazuia mlangoni. Walisema mke wa Huseni anaringa. Niliwaacha waseme.

Korosho zilipoanza kudondoka, surua ikaingia Miteja.

Ilianzia kwa Natalia, kwa mtoto wake wa kunyonya. Zamani huko mashambani ingekula nyumba moja ikachoka njiani. Hapa nyumba zilikuwa zimeshikana mikono. Ambrosi na halmashauri ya kijiji wakatoa ghala jipya, lililokuwa bado tupu, watoto wote walazwe humo. Kisha likaulizwa swali la siku zote: nani amevuka? Waliojitokeza walikuwa wachache, wengi wao wana wagonjwa wao wenyewe. Wote wakageuka kutazama nyumba yetu.

Niliwaambia hapana. Bi Mboni alikuwa ndani, nilijua anasikia.

Halafu asubuhi moja Tawakali akaamka macho mekundu, hataki mwanga. Nilimvua shati, nikaona vipele nyuma ya masikio.

Huseni alikuwa Kilwa Masoko kwenye mafunzo ya mgambo. Nilikaa kizingitini, Adija ananyonya, Tawakali ameegemea ubavuni pangu akichemka, na Ambrosi amesimama mbele yangu. Bi Mboni akatoka na mkeka wake kwapani.

"Mama, rudi ndani," nikasema. "Daktari alikataza."

"Alikataza nini?"

"Homa za watoto. Kinga yako imekwisha, Mama. Hata ile ya surua."

Ambrosi alikuna shingo. "Kwa hilo, Mama Tawakali, nisikudanganye. Surua haimrudii mtu. Hata sisi chuoni tulifundishwa hivyo. Mimi naogopea mgongo wake tu, na vifua vya wale watoto."

"Haimrudii mtu mzima wa afya! Huyu uboho wake umeliwa. Daktari alisema sawa na mtoto wa juzi."

"Kinga ya surua ni ya maisha," akasema, lakini hakuwa na uhakika kama mwanzo.

"Umesikia mtani wangu?" Bi Mboni alidakia. "Ya maisha. Nami bado sijafa."

"Basi nitaingia mimi," nikasema. "Nitamshika mwanangu mwenyewe."

Alinitazama, kisha akamtazama Adija. Akainama kwa tabu, akamgusa shavu kwa kidole. "Na huyu atanyonya kwa nani? Utaingia, utatoka na mgeni, umpe kwenye maziwa. Mkwe wangu, wewe una elimu, lakini hujavuka." Akamshika Tawakali mkono. "Twende, bwana mkubwa. Una mgeni wewe. Twende tukampikie uji."

Wakaenda. Nilitazama pindo lake likichora mstari mchangani mpaka mlango wa ghala.

Kila siku nilipeleka uji na maji, nikaviweka mbali na mlango, nikarudi nyuma. Ukuta wa ghala ulikuwa wa miti, haujakandikwa wote, basi niliweza kusikia. Nilimsikia akiwaogesha, akiwatania, akimwambia mmoja kuwa ana vipele vizuri kuliko vya mwenzake. Nilimsikia pia anaponyamaza. Mtoto akifa, yeye ndiye aliyemwosha kabla ya kumpitisha mlangoni. Mtoto wa Natalia alipitishwa hivyo, amefungwa kwenye kipande cha kanga ya mama mkwe wangu, kile chenye pindo lililochakaa. Natalia alimpokea bila kulia. Alilia jioni, maziwa yalipomjaa.

Watoto walikufa wengi kiasi kwamba watu waliacha kuuliza ni wa nani.

Tawakali alivuka. Siku moja nilisikia sauti yake kutoka ndani ikidai ugali, na Bi Mboni akimjibu, "Ugali kwa meno gani, kibogoyo wewe?" Nilikaa chini palepale mchangani. Lakini baada ya maneno yale kilifuata kikohozi, na hakikuwa cha mtoto. Niliishi na kikohozi kile masika yote, nakijua kama ninavyojua mlango wangu unavyolia.

"Mama! Hicho kikohozi chako."

"Cha mtoto."

"Mama."

"Nimesema cha mtoto. Lete maji, kelele acha."

Kesho yake nilisubiri mlangoni, uji ukapoa. Hakuna aliyetoka kuuchukua. Akatoka Tawakali, mwembamba kama fito, ngozi inambambuka, akasema, "Bibi hataki kuamka."

Nilikwenda mbio kwa Natalia. Sikujua namna ya kumwomba. Nilisimama tu na Adija mikononi. Natalia alinitazama, akatazama kanga yake iliyolowa kifuani, akanyoosha mikono. "Lete," alisema. "Nenda." Huo ndio udugu nilioupata katika kijiji cha ujamaa, nami siudharau.

Nikapita mlango ule.

Bi Mboni alikuwa kwenye mkeka wake, pembeni mwa watoto wawili waliobaki. Alikuwa wa moto hata bila kumgusa. Midomo imepiga weusi, mbavu zinapanda na kushuka kama za kuku aliyekimbizwa. Aliponiona alikunja uso.

"Nani kakwambia uingie?"

"Nimeingia."

"Mjinga." Akapumzika. Kila neno alilinunua kwa pumzi. "Nitazame. Nina vipele?"

Nilimfunua, nikamtazama mwili mzima, ule mwili uliokuwa umepungua mpaka ukawa kama wa msichana. Nilitafuta nyuma ya masikio, kifuani, tumboni. "Huna, Mama. Hata kimoja."

"Basi." Akafumba macho. Nilidhani amelala. Akasema, "Lakini yule mkorosho wako... umekula shamba lote. Nausikia."

"Ambrosi anakuja na sindano."

"Sikiliza. Usiwaambie watu nimerudiwa. Hata kama ni kweli. Watu wakisikia Mboni karudiwa, nani ataingia tena humu?" Akanishika mkono kwa nguvu nisiyoitegemea. "Watawaacha watoto peke yao. Kama sisi."

Ambrosi alikuja, akachoma, na safari ile hakuna aliyemtania mwenzake. Bi Mboni alikufa kesho yake mchana, watoto wale wawili wakitazama. Mmoja wao aliniuliza kama bibi ana mgeni. Nikamwambia ndiyo, ana mgeni.

"Nimonia," Ambrosi aliwaambia watu waliosimama nje. Huenda ndiyo ilikuwa hiyo tu, aliyoipata kwenye vifua vya watoto. Huenda surua ilikuwa chini yake bila vipele, kwa kuwa mwili wenyewe haukuwa na cha kujibu. Sijui. Hakuna aliyejua, wala Miteja hapakuwa na mtu wa kupasha chochote moto tukaona weupe.

Mazishini, kama ilivyo desturi, mtani ndiye anayewachekesha wafiwa. Huseni alikuwa amerudi, amekaa kichwa chini na sare zake za mgambo. Ambrosi alichukua kanga ya marehemu, akajifunga mpaka kwapani, akaweka mkeka ubavuni, akaanza kutembea kwa kuinama, pindo linaburuza. Alimpata kweli. Hata Natalia alicheka, na Adija kwenye paja lake akashtuka. Ambrosi akasimama mbele yetu, akapiga kifua, akasema kwa sauti ya Bi Mboni, "Niacheni niingie! Mimi nimevu..."

Hakumaliza. Alisimama hivyo, mdomo wazi, macho yake yakinitafuta katika watu. Nilijua anachouliza. Watu wote wakageukia upande aliokuwa akitazama.

"Alivuka," nikasema. "Mama alivuka. Malizia, mtani."

Akamalizia, lakini hakuna aliyecheka, naye akaivua ile kanga, akaikunja vizuri mno kwa mwanamume, akanipa.

Baada ya arobaini nilikuwa nimekwisha ugua na kupona. Surua ya ukubwani ni mbaya, nilikaa siku nyingi sioni mwanga, na maziwa yangu yakakauka kabisa. Adija aliendelea kunyonya kwa Natalia, na mpaka leo anamwita mama, nami naitwa Mama Tawakali.

Masika ya pili homa ikaingia upande wa barabarani. Ilikuwa asubuhi, ninakwangua sufuria, nilipowaona wanawake wanakuja kwangu, wamebeba watoto wao kwenye mikeka. Wa mbele hakubisha hodi.

"Mama Tawakali," alisema. "Si wewe umevuka?"

"Nimevuka," nikajibu.

Niliingia ndani kuchukua mkeka na majani ya mbaazi. Nikajifunga kanga ya Bi Mboni, nikaifunga kawaida, kiunoni. Kabla sijatoka nilisimama wima kadiri nilivyoweza, nikatazama chini, nione pindo linafika wapi.

Lilifika kifundoni. Nikatoka.